Kiungulia cha Pimamaji

Pimamaji hakuwa mgeni wa kustarehesha. Ukimkaribisha nyumbani kwako, hakai kwanza. Anainama, anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Sauti ikiwa nzito, anatabasamu na kuomba maji ya kunywa. Sauti ikiwa ya kopo tupu, anatikisa kichwa.

"Huyu aliyeweka vigae hapa," anauliza, "alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Alikuwa fundi wa vigae. Jina lake alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya pimamaji, kile kifaa chenye kipovu kinachoonyesha kama sakafu imelala sawa. Wenzake walikitumia mwanzo wa kazi na mwisho wa kazi. Yeye alikitumia kwa kila kigae. Tena alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu. Alipita kwenye nyumba alizoziwekea vigae zamani, akabisha hodi, akaomba ruhusa ya kugonga sakafu zake mwenyewe.

"Sakafu mpya kila mtu ataisifia," alisema. "Mimi nataka kuisikia ikiwa imeshakanyagwa."

Kuna wakati kazi hiyo nusura imshinde. Kila alipoinama, asidi ilipanda kutoka tumboni mpaka kooni. Kifua kiliwaka moto. Alimeza vidonge kwa miaka. Akivimeza alipata nafuu, akiviacha moto ulirudi. Mwishowe alipimwa hospitali. Waligundua kwamba mlango ulio kati ya mrija wa chakula na tumbo umelegea, na sehemu ya tumbo imepanda kifuani. Daktari wa upasuaji akamtengeneza kwa kutoboa matundu madogo tu, akiongozwa na kamera.

Sasa miaka tisa ilikuwa imepita, na kwa miaka yote hiyo Pimamaji hakunyamaza. Alisimulia kazini, kwa kinyozi na hata misibani. Alipandisha shati kuonyesha makovu, madogo kama alama za kalamu.

"Naomba kuuliza," mkewe alisema siku moja mbele ya wageni. "Kuna mtu hapa ambaye bado hajaonyeshwa matundu ya Baba Pacha?"

Wageni wote walicheka. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, mwalimu wa watoto wa chekechea. Naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Chakula kilimpanda mpaka kooni, na sauti ilimkauka. Watoto walimwuliza kama amemeza chura. Alipimwa, na daktari yule yule akampa siku ya upasuaji. Ilikuwa Alhamisi, na mwalimu aliogopa kisu kama watoto wake wanavyoogopa sindano.

Jumamosi kabla ya siku hiyo alikuja kwa kaka yake. Alikaa jikoni, karibu na wifi yake aliyekuwa anakata vitunguu.

"Kaka, nataka kukuuliza kitu. Unijibu kweli."

"Uliza, mdogo wangu."

"Tangu ulipofanyiwa, kiungulia hakijarudi? Hata kidogo?"

Pimamaji alijua jibu. Wiki kadhaa zilizopita moto ulikuwa umeanza tena. Ulikuwa unawaka pale pale alipokuwa amekaa, chini kidogo ya mfupa wa kifua. Alimtazama mdogo wake machoni.

"Hata tone," alisema. "Mimi ni mzima kama chuma."

Kisu cha mkewe kilisimama juu ya kitunguu. Alingoja mpaka wifi yake ameaga na geti limefungwa. Kisha akaenda kwenye mfuko wa zana, akainua nyundo ya mpira, akatoa pakiti ya vidonge.

"Baba Pacha, hivi ni vya nini? Vya chuma?"

"Mfuko wangu wa zana unaufuatia nini?"

"Nilikuwa natafuta futi nipime pazia. Nimepima mengine. Tangu lini?"

Pimamaji aliketi.

"Wiki nyingi," alisema hatimaye. "Nadhani ile kazi imeachia. Kigae kimoja kikilia kama kopo tupu, ujue gundi ya chini imekwisha. Kinachofuata ni kung'oa. Nimeisifu kazi ya yule daktari mji mzima, Mama Pacha. Leo niende nikaseme nini? Na mdogo wangu akisikia ataogopa. Hatakwenda. Ataendelea kuumia."

"Na asiposikia? Anapanda kitanda cha upasuaji kwa kuamini mdomo wako. Akija kujua baadaye, atakuamini tena kwa lipi?"

"Lakini nafanya kwa ajili yake."

"Unafanya kwa ajili ya sifa zako. Unataka ufe na tai shingoni, mradi usionekane umeshindwa."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alichukua simu akampigia mdogo wake. Alimweleza yote, bila kutia chumvi na bila kupunguza.

"Kwa hiyo ulinidanganya ukiniangalia machoni," mwalimu alisema kwa sauti yake iliyokauka.

"Ndiyo. Nisamehe."

"Basi siendi," akasema, na simu ikakatika.

Pimamaji alipitisha Jumapili mbaya. Jumatatu asubuhi alikwenda kubisha mlangoni kwa mdogo wake. Mkewe alikuwa naye.

"Sikuombi ufanyiwe," alisema kabla hajakaribishwa. "Nakwenda kliniki kumwona daktari. Nakuomba unisindikize tu. Atakaloniambia, ulisikie kwa masikio yako. Liwe liwalo."

Mwalimu alisimama na mkono kwenye kitasa. Alikuwa bado amenuna. Hata hivyo alimpenda kaka yake, na alitaka kujua ukweli. Alichukua mkoba wake.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali na mikono iliyotulia. Alipomwona Pimamaji mlangoni, aliweka kikombe chake chini.

"Fundi! Kumbe upo! Kila mwaka muuguzi wangu anakupigia uje nikuangalie. Kila mwaka unasema uko kazini."

"Nilikuwa mzima, daktari. Nisingependa kukupotezea muda."

"Lakini mzima ndiye ninayemtaka! Wakija wenye shida peke yao, nitajuaje kazi yangu inadumu vipi?"

Pimamaji alimtazama upya. Kumbe mwanamke huyu alifanya kile kile alichokifanya yeye. Alirudi kwenye kazi ya zamani, akagonga, akasikiliza. Alimheshimu kwa ajili ya mikono yake tangu zamani. Sasa alimheshimu zaidi, na aliona haya kwamba yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyemnyima mlango.

"Daktari," alisema taratibu, "hata mimi huwa narudi kugonga vigae vyangu."

"Basi unanielewa. Tofauti ni kwamba vyako vinatulia. Vyangu vina miguu, vinakimbia."

Hata mwalimu alicheka, ingawa hakuwa amepanga kucheka. Kisha Pimamaji akaeleza ule moto. Daktari hakukasirika wala hakujitetea. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine.

"Unawaka ukiinama?"

"La. Kuinama nainama vizuri."

"Ukilala chali?"

"Hapana. Unawaka zaidi asubuhi, nikishaanza kazi."

"Maji machungu yanapanda kooni kama zamani?"

Pimamaji alifikiri. "Hayapandi. Moto tu, hapa juu ya tumbo."

"Chakula kinakwama? Umekonda? Umetapika damu, au umepata choo cheusi kama lami?"

"Hapana, hakuna hata kimoja."

"Vizuri. Mkiona kimojawapo cha hivyo, msingoje siku ya kliniki. Njooni hospitali siku hiyo hiyo. Sasa niambie, fundi, unatumia dawa gani?"

"Hivi vidonge vya asidi tu. Nilijinunulia."

Mkewe alikohoa. "Na vile vya magoti?"

"Vile si dawa," Pimamaji alisema. "Vile ni vya kazi."

"Vya kazi?" daktari aliuliza.

"Vya maumivu. Mafundi wa vigae wote wanameza. Tunapiga magoti kutwa nzima. Kuna kopo pale dirishani tunapofanyia kazi. Ukifika asubuhi, unameza viwili, unashika mwiko. Chai baadaye."

"Kila siku? Tumbo likiwa tupu?"

"Kila siku. La sivyo, magoti hayakunjuki."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama mwalimu pia, kama mtu anayetaka darasa zima lisikie.

"Vidonge vingi vya maumivu vya aina hiyo hukwaruza ngozi ya ndani ya tumbo. Ukivimeza kila siku, vinaweza kukutia vidonda. Vidonda huwaka kama kiungulia. Inawezekana upasuaji wako umelegea, fundi. Hilo hutokea, siwezi kukuficha. Inawezekana pia ni vidonda. Baadhi ya watu niliowafanyia huja baada ya miaka wakisema moto umerudi. Nikiwapima, wengi wao asidi haipandi kabisa. Shida iko kwingine. Kwa hiyo hatubahatishi. Tunapima."

"Na upasuaji wangu wa Alhamisi?" mwalimu aliuliza.

"Tunausogeza mbele. Sikuingizi ukiwa na shaka. Kaa, uone majibu ya kaka yako. Kisha utaamua."

Vipimo vilichukua siku chache. Kwanza Pimamaji alipewa dawa ya kumtuliza, kamera nyembamba ikapitishwa kinywani mpaka tumboni. Waliangalia pia kama ana vijidudu vinavyoleta vidonda vya tumbo. Baadaye alipitishiwa uzi mwembamba puani, ukashuka kwenye mrija wa chakula. Uzi huo ulikaa siku nzima ukipima kama asidi inapanda. Alitembea nao mtaani, umebandikwa shavuni, na kwa mara ya kwanza hakutamani kuonyesha mtu kitu.

Siku ya majibu waliketi wote wanne mbele ya kioo cha kompyuta.

"Hapa ndipo mrija wa chakula unapoingia tumboni," daktari alisema. "Unaona hii nyama iliyozunguka? Miaka tisa iliyopita nilirudisha tumbo lako chini, mahali pake. Nikakaza tundu ambalo mrija hupitia, lililokuwa limepanuka. Kisha nikachukua sehemu ya juu ya tumbo lenyewe, nikaizungusha hapa kwenye mrija kama kola ya shati, nikaishona. Ndiyo inayozuia asidi kupanda."

Pimamaji alisogea karibu na kioo. Hakuwa amewahi kuiona. Kola ilikuwa imekaa sawa, imebana pande zote, haijapinda wala kuteleza.

"Hii ndiyo ile ile?" aliuliza.

"Ndiyo ile ile. Na ule uzi wa puani unasema hivyo hivyo. Asidi haipandi."

"Miaka tisa," Pimamaji alisema. "Mtu anakula juu yake, anainama, anabeba mifuko ya saruji. Na haijasogea." Macho yalimlowa. Alikuwa ameona kazi nyingi nzuri maishani mwake, na alijua kuitambua. "Daktari, hongera. Hongera sana."

Mwalimu naye alikuwa amekodoa macho. Alinyoosha kidole kwenye picha nyingine. "Na haya madoa mekundu?"

"Hivyo ni vidonda. Vijidudu havikuonekana. Hii ni zawadi ya lile kopo la dirishani."

Daktari alitoa maelekezo waziwazi. Vile vidonge vya maumivu viachwe kabisa. Dawa ya kupunguza asidi itumike kwa muda aliopanga yeye, si kwa kujikisia. Magoti yakaonwe na mtaalamu wa viungo, na kuanzia siku hiyo fundi avae pedi za magotini.

"Na ukiandikiwa dawa yoyote mahali popote, utaje kila unachomeza," aliongeza. "Hata cha kazi."

Mwalimu alisogeza kiti chake mbele. "Daktari, ya kaka nimeyaona. Nataka ya wengine. Wote wako hivi?"

"Si wote. Wengi wanaendelea vizuri hata baada ya miaka kumi na zaidi. Wanalala chali, wanakula, wanasema wangekubali tena. Lakini baadhi kiungulia huwarudia kweli, wakaanza tena vidonge. Wachache inabidi tuwafanyie upasuaji mara ya pili. Wiki za mwanzo chakula hukwama, kwa hiyo utakula vitu laini tu. Kubeua kunakuwa kugumu, na kutapika pia. Gesi ikikosa njia ya juu, inatafuta ya chini."

"Hilo mniulize mimi," mke wa Pimamaji alisema. "Nimelala nalo chumba kimoja miaka tisa."

"Kaka!" mwalimu alimgeukia. "Mbona hilo hukuwahi kunisimulia?"

"Nilikuwa naonyesha matundu ya juu tu," Pimamaji alisema, na daktari akafunika mdomo kwa mkono.

Walipotulia, mwalimu aliuliza tena. "Na nikikataa?"

"Utaendelea na vidonge, nami nitaendelea kukuangalia. Vidonge si adui. Kwa watu wengi vinatosha. Kwako wewe vimepunguza moto, ila chakula bado kinapanda mpaka kooni kwa sababu mlango umelegea. Hapo vidonge havifiki. Sauti siwezi kukuahidi. Inaweza kuwa nzuri zaidi, au ikabaki hivyo. Uamuzi ni wako. Nenda nyumbani ukaufikirie."

Mwalimu alikwenda nyumbani akaufikiria. Pimamaji hakumpigia simu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuweka vigae ukutani. Mwishowe simu ililia yenyewe.

"Kaka, nakwenda."

"Una hakika?"

"Nimeona kazi yenyewe, na nimeambiwa ubaya wake. Ulipokuwa unasifu tu, nilikuwa nalala na wasiwasi. Nilijua lazima kuna kitu umeacha."

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki za mwanzo mwalimu alikunywa supu laini na kuchoka nazo. Siku moja alijaribu mkate kabla ya wakati, kipande kikamkwama kifuani. Aliogopa sana. Pimamaji alikuja mbio, akakaa naye mpaka kilipopita.

"Hata mimi kilinikwama," alimwambia. "Nililia kama mtoto. Sikumwambia mtu."

"Sasa unasema yote?"

"Sasa nasema yote."

Kazini nako mambo yalibadilika. Pimamaji aliliondoa kopo dirishani. Mafundi walimcheka na pedi zake nene, wakasema amevaa mito ya sebuleni. Hakujali. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mazoezi, na mafundi walianza kupokezana kazi ya kupiga magoti ili kila mmoja apumzike. Baada ya muda, wawili wa wale waliocheka walimwuliza pedi zinapatikana wapi. Moto wa tumboni ulizimika, na daktari akamwachisha zile dawa za asidi.

Mwaka uliofuata muuguzi alipopiga simu, Pimamaji hakusema yuko kazini. Alimpitia mdogo wake, wakaenda kliniki pamoja. Wote wawili walikuwa wazima. Mwalimu alikuwa anakula vizuri. Sauti yake haikurudi yote, lakini ilitosha kunyamazisha darasa la chekechea, na hilo si jambo dogo.

Kwenye benchi la kusubiria alikuwepo mwanamume mnene, dereva wa malori. Alikuwa anapigapiga faili lake gotini. Aliposikia wao wameshafanyiwa, aliwageukia.

"Nimeambiwa ni raha tupu," alisema. "Kila mtu anasema hivyo. Eti ukitoka, umesahau. Ni kweli?"

Pimamaji alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika pindo la shati. Akauona uso wa mdogo wake, akaliachia pindo, akamwachia yeye ajibu.

"Si raha tupu," mwalimu alisema. "Mimi nimepata nafuu kubwa, na ningekubali tena leo. Lakini chakula kilinikwama, nikaogopa. Sibeui vizuri mpaka sasa. Nikila haraka, tumbo linajaa gesi. Na daktari ameniambia kiungulia kinaweza kurudi baada ya miaka, ndiyo maana naja kuangaliwa hata nikiwa mzima. Muulize hayo yote ukiingia. Atakujibu."

Dereva alikuwa ameshasimama, faili kwapani, uso kuelekea mlango wa kutokea. Alimgeukia mwalimu.

"Nilikuwa naondoka, dada," alisema. "Ni hiyo raha tupu iliyokuwa inanifukuza. Nilijua kuna kitu wananificha."

Akaketi tena, akangoja zamu yake.